Sindano ya Ganzi na Moyo wa Mgonjwa

Sindano ya ganzi inayochomwa karibu na mishipa ya fahamu, yaani neva, ili kutuliza maumivu sugu, nayo maumivu sugu ni yale yanayodumu zaidi ya miezi mitatu, huelezwa mara nyingi kama tiba ya mahali pamoja tu: shingo, mgongo au mkono. Maelezo hayo yanampunja mgonjwa, kwa sababu tiba hiyo inaweza kuufikia moyo, tena kwa njia mbili zisizofanana.

Njia ya kwanza ni damu. Dawa za ganzi kama lidokaini na bupivakaini hufunga vijilango vya sodiamu vilivyo kwenye ukuta wa neva, na sodiamu isipopita, ujumbe wa maumivu hausafiri. Lakini msuli wa moyo nao huendeshwa na umeme unaotegemea vijilango vya aina hiyo, hivyo dawa ikiingia kwa wingi katika mzunguko wa damu, ama kwa sababu sindano imetoboa mshipa wa damu au kwa sababu kipimo kimezidi kile kinachofaa kwa uzito wa mgonjwa, moyo huathirika. Lidokaini hutoka upesi katika vijilango hivyo, ndiyo maana hutumiwa pia kutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika. Bupivakaini hung'ang'ania na haiachii kabla ya pigo linalofuata, na moyo uliosimama kwa ajili yake ni mgumu mno kuuamsha. Mwaka 1979 daktari wa Marekani, George Albright, alitoa onyo juu ya hatari hiyo katika jarida la madaktari wa ganzi na usingizi. Mnamo 1998 Guy Weinberg na wenzake walionyesha katika panya kwamba mchanganyiko wa mafuta unaotiwa mshipani, uleule unaowalisha wagonjwa wasioweza kula, huwawezesha kuhimili sumu ya bupivakaini, na mwaka 2006 madaktari wa New York walieleza jinsi mafuta hayo yalivyomrudishia mgonjwa mapigo ya moyo baada ya juhudi za kawaida kushindwa.

Njia ya pili ni neva zenyewe. Chini kabisa ya shingo, karibu na ubavu wa kwanza, lipo fundo la neva liitwalo ganglioni ya stelati, ambalo hutiwa ganzi kwa wagonjwa wenye maumivu makali ya mkono yasiyokoma baada ya jeraha. Fundo hilo hupitisha pia amri za kuuharakisha moyo, kwa hiyo likinyamazishwa, hasa la upande wa kulia, mapigo yanaweza kupungua kasi. Kwa mtu mwenye moyo mzima badiliko hilo kwa kawaida ni dogo. Kwa anayetumia dawa za kupunguza mapigo, au ambaye njia za umeme wa moyo wake zina hitilafu, linaweza kuwa zito. Ajabu ni kwamba athari hiyohiyo imegeuzwa kuwa tiba: tangu mwaka 1916, Thoma Jonnesco wa Bucharest alipoikata ganglioni ya kushoto ya mgonjwa wa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, matabibu wamekuwa wakiilenga, na leo huitia ganzi kuzima mapigo hatari yanayojirudia bila kutii dawa. Ganzi ya neva za tumboni kwa ajili ya saratani ya kongosho hutenda vingine, kwani hutanua mishipa ya damu ya tumbo, na mgonjwa asimamapo shinikizo lake huweza kushuka ghafla.

Hakuna katika haya sababu ya kumnyima mtu tiba, maana maumivu yasiyotulizwa nayo huupandisha moyo mapigo na shinikizo. Lakini chumba kisicho na kipimo cha umeme wa moyo, njia ya mshipa iliyokwisha kufunguliwa na mafuta hayo ya kuokolea hakistahili kutumiwa kwa sindano kubwa za namna hii, hata kama mchomaji ni hodari kiasi gani. Na mgonjwa anapaswa kuelezwa mapema dalili za kwanza za sumu, yaani ganzi kuzunguka mdomo, ladha ya chuma na mlio masikioni, ili azitaje mara anapozihisi. Akilazwa usingizi mzito, daktari hupoteza onyo hilo na kubaki na mashine pekee.