Carlota Ciganda na Saa ya Mwamuzi

Msikilizaji, kosa lililomtoa Carlota Ciganda mashindanoni mwezi Julai 2023 halikuwa la fimbo ya gofu. Lilikuwa la kalamu.

Ilikuwa siku ya pili ya Evian, kule Ufaransa, moja kati ya mashindano makuu matano ya gofu ya wanawake kwa mwaka. Kundi lake lilikuwa limebaki nyuma, na mwamuzi akalifuata akiwa na saa. Kwenye shimo la mwisho kwake siku hiyo, ambalo lilikuwa la 9 kwa kuwa alianzia la 10, Mhispania huyo akahesabiwa kuwa amekawia kupita kiasi. Adhabu ikawa mikwaju miwili. Akakata rufaa, rufaa ikagonga mwamba. Akaingia mahali pa kukabidhi kadi, akakumbushwa kwamba ile mikwaju miwili lazima ijumlishwe, akatia saini kadi isiyokuwa nayo, akaenda zake. Kanuni za gofu hapo hazina simile. Ukitia saini kwenye hesabu ndogo kuliko uliyostahili, huku umeshaambiwa, mashindano yako yameishia hapo hapo.

Tuseme kweli: siku ile hakuwa na hoja. Mwamuzi akishaamua na rufaa ikishasikilizwa, saini ya mchezaji haigeuzi kitu. Lakini kuna wapenzi wa gofu ambao kila wakisikia jina la Ciganda hukumbuka kadi ile tu, na hilo nalo si haki.

Ukitaja gofu ya Hispania, wengi watakuletea wanaume: Seve Ballesteros, José María Olazábal, Sergio García, na siku hizi Jon Rahm. Wote hao wametwaa mashindano makuu. Upande wa wanawake kabati hilo ni tupu. Marta Figueras-Dotti alishinda British Open ya wanawake mwaka 1982, tena akiwa bado mchezaji wa ridhaa, ila wakati huo shindano hilo halikuwa na hadhi ya shindano kuu. LPGA, chombo kinachoendesha gofu ya kulipwa ya wanawake Marekani, kililipa hadhi hiyo mwaka 2001. Kwa kipimo hicho Ciganda naye ni wa kutajwa kwa sentensi moja: mataji matatu ya LPGA, shindano kuu hakuna hata moja. Mwaka 2018 alimaliza wa tatu kwenye US Open ya wanawake huko Shoal Creek, Alabama.

Kipimo hicho kinampunja.

Alizaliwa Pamplona, mkoa wa Navarra, tarehe 1 Juni 1990, katika ukoo wa soka. José Ángel Ziganda, aliyezichezea Osasuna na Athletic Bilbao na baadaye kuzifundisha zote mbili, ni mjomba wake. Pamplona si pwani ya jua ya kusini, kule kwenye viwanja vya gofu vinavyojaa watalii wakati wa baridi. Hata hivyo mji huo huo ulikwisha kumtoa Beatriz Recari, aliyemtangulia Carlota kwa miaka mitatu na naye akaja kushinda mara tatu kwenye LPGA. Carlota alikuwa na umri wa miaka 14 tu alipotwaa ubingwa wa Ulaya wa wanawake wa ridhaa mwaka 2004. Mwaka 2007 akachukua ule wa Uingereza, na 2008 akarudia wa Ulaya. Kisha akavuka bahari kusoma Chuo Kikuu cha Arizona State, akiwa pamoja na Mhispania mwenzake Azahara Muñoz, na mwaka 2009 chuo chao kikawa bingwa wa vyuo vya Marekani kwenye uwanja wa Caves Valley, jimbo la Maryland.

Aliingia gofu ya kulipwa mwaka 2011. Msimu wa 2012, wa kwanza kwake kwenye mzunguko wa wanawake wa Ulaya, LET, alishinda Uholanzi, akashinda China, akamaliza akiongoza orodha ya mapato, na akapewa tuzo mbili kwa mpigo: mchezaji chipukizi bora na mchezaji bora wa mwaka. Mzunguko huo ndio ulioanza kufika Vipingo, Kilifi, Desemba 2019 kwa mashindano ya Magical Kenya Ladies Open, kwa hiyo msikilizaji wa pwani aliyewahi kusimama kando ya kamba kule Vipingo Ridge ameona kwa macho yake ni ushindani wa namna gani binti huyu aliuongoza akiwa mgeni.

Mwaka 2014 alirudi Caves Valley. Safari hii jezi ilikuwa ya taifa, kwenye mashindano mapya ya timu yaitwayo International Crown. Hispania ilipeleka wanne: Ciganda, Recari, Muñoz na Belén Mozo. Wakorea walikuwepo, Wajapani walikuwepo, Wamarekani walikuwa nyumbani. Kombe likaenda Madrid.

Hapa ndipo penye ufunguo wa mchezaji huyu. Gofu ya kawaida ni kuhesabu. Unacheza siku nne, mikwaju yote inajumlishwa, na mpinzani wako anaweza kuwa mtu uliyepishana naye asubuhi tu kwenye maegesho ya magari. Gofu ya ana kwa ana ni kitu kingine. Kila shimo ni pambano lake, mshindi huchukua shimo, na mkwaju mbovu ukishalipoteza shimo hilo hauna deni tena. Ni kama bao: unatazama kete za aliyekaa mbele yako, basi. Ciganda ni mchezaji wa aina hiyo. Mpe mtu wa kumtazama usoni, na ikiwezekana mpe na wenzake nyuma yake, ndipo utamwona.

Kwa hesabu za kawaida alikuwa na mwisho mzuri wa mwaka 2016. Oktoba, huko Incheon, Korea Kusini, alimshinda Alison Lee kwa shimo la nyongeza na kupata taji lake la kwanza la LPGA. Novemba akaongeza la pili, kwenye mashindano ya Lorena Ochoa jijini Mexico. Mataji mawili ndani ya wiki chache. Kila mtu akajua mvua imeanza.

Haikunyesha. Miaka ikapita, akiwa karibu na kilele wiki hii na katikati ya orodha wiki ijayo, na kati ya mambo yaliyomwandama likawamo hilo la saa. Mei 2021, Shadow Creek, Las Vegas, mashindano ya ana kwa ana, tena uwanja wake wa kujidai: alimaliza shimo la 18 kwa mkwaju mmoja chini ya kiwango, akajua amemshinda Sarah Schmelzel. Kumbe alikuwa amepimwa na kuonekana amechelewa. Akanyang'anywa shimo, na ushindi ukahamia kwa Schmelzel. Miaka miwili baadaye ikaja ile kadi ya Evian.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki nane baada ya Evian.

Kombe la Solheim, linalowakutanisha wanawake wa Ulaya na wa Marekani tangu 1990, lilikwenda Hispania kwa mara ya kwanza Septemba 2023, kwenye uwanja wa Finca Cortesín mkoani Málaga. Wanaume walikuwa wamecheza Ryder Cup yao kusini humo humo, Valderrama, mwaka 1997, na nahodha wa Ulaya alikuwa Ballesteros. Timu ya Solheim ilikuwa na Mhispania mmoja tu, naye ni Ciganda. Asubuhi ya Ijumaa nahodha Suzann Pettersen akamweka benchi. Ulaya ikapigwa 4-0, kipigo ambacho haikuwahi kukipata kwenye kikao cha ufunguzi.

Mchana akaingia, akashinda. Jumamosi akacheza mara mbili, akashinda zote. Jumapili akapangiwa Nelly Korda, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo. Ulaya ilikuwa inalishikilia kombe, hivyo ilihitaji pointi 14 tu kati ya 28 ili isilitoe, na mapambano yalipoanza kumalizika moja baada ya jingine, ilionekana pointi ile ya mwisho iko kwenye fimbo za hao wawili. Shimo la 16, Ciganda akapiga mpira ukakaa jirani na bendera, akamaliza mkwaju mmoja chini ya kiwango. La 17 akarudia kile kile. Pambano likaishia hapo, mashimo mawili mbele na moja limebaki. Lexi Thompson alishinda pambano la mwisho kwa Wamarekani, ubao ukasoma 14-14, kombe likabaki Ulaya. Mechi nne, pointi nne, mbele ya watu wa kwao.

Lililo la ajabu ni kwamba hakubadilisha mwendo wake. Ni yule yule anayeinama nyuma ya mpira, anausoma mteremko, anazungumza na kedi wake, anarudi kuutazama tena. Kinachomkera mwamuzi ndicho kinachomchosha mpinzani, na mwandishi wa maoni haya anaamini hata Korda, mwenye mwendo mwepesi, aliionja siku ile. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kuvunja kanuni. Ila linaeleza kwa nini ameitwa kwenye kila timu ya Solheim tangu 2013 hadi 2024, mara saba mfululizo.

Mwanzoni mwa 2025 LPGA ikakaza kamba: kuanzia Machi, anayezidisha sekunde 1 hadi 5 anatozwa faini, 6 hadi 15 anaongezewa mkwaju mmoja, 16 na kuendelea miwili. Ungedhani sheria hiyo imetungwa kwa ajili yake. Tarehe 15 Juni, huko Blythefield, jimbo la Michigan, siku ya mwisho ya Meijer Classic, Ciganda aliyekuwa ametimiza miaka 35 wiki mbili nyuma alifika mashimo mawili ya mwisho akihitaji kufanya kitu. Akayamaliza yote mawili kwa mkwaju mmoja chini ya kiwango, akafikisha 16 chini kwa siku nne, na kumpita Mkorea Choi Hye-jin kwa mkwaju mmoja. Tangu taji la Mexico ilikuwa imepita miaka 8 na miezi 7.

Shindano kuu bado halijapatikana, na umri haurudi nyuma. Lakini Kombe la Solheim la 2026 limepangiwa uwanja wa Bernardus, Uholanzi, nchi alikoshinda kwenye msimu wake wa kwanza wa LET, na kwa mchezo ule wa kukabana uso kwa uso, nahodha wa Ulaya Anna Nordqvist atahitaji sababu nzito sana ya kuliacha jina lake nje.