Aliyekugonga Asipotaka Kulipa

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi



Tumeombwa tuseme juu ya jambo linalowasumbua wenzetu wengi. Gari la mwenzetu limegongwa. Mwenye kosa anajulikana, alikiri palepale barabarani, akampa mkono na kusema, "Peleka kwa fundi, nitalipa." Wiki ya kwanza anajibu simu kwa upole. Wiki ya pili asema ngoja mwisho wa mwezi. Wiki ya tatu simu haishikwi tena. Gari limelala gereji, fundi ataka pesa zake, na mwenye nyumba ataka kodi.

Pengine mtu atasema kwamba hii ni shida ya wenye magari, haimhusu mfanya kazi. Hilo si kweli. Wako wenzetu walionunua pikapu kwa mkopo wa sacco, wako wanaoendesha teksi baada ya kazi, wako wenye tuktuk na pikipiki. Kwao gari ni jembe. Likivunjika, shamba halilimwi. Tena wako wanachama wengi ambao ni madereva wa matajiri. Hao siku ya ajali huwa upande wa pili: wao ndio waliogonga, na tajiri ageuka na kusema, "Utalipa kwa mshahara wako." Kwa hiyo twasema na pande zote mbili.

Neno letu kubwa ni hili. Haki ya aliyegongwa haipatikani kwa makelele wala kwa ngumi. Hupatikana kwa karatasi, na kwa kumdai yule ambaye sheria inamtaka alipe. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Deni la ajali ni mali kama mali nyingine.

Tuanze pale barabarani. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame. Yamtaka atoe jina lake na anwani yake, na jina na anwani ya mwenye gari, kwa mtu yeyote mwenye sababu ya kuuliza. Asipofanya hivyo, ni lazima apige ripoti polisi upesi iwezekanavyo, na isipite saa 24. Basi usione haya kuuliza. Andika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, nambari ya gari, na jina la kampuni ya bima na nambari ya cheti chake. Piga picha za magari yote mawili jinsi yalivyosimama, pamoja na barabara yenyewe na alama za breki. Shika majina na simu za watu wawili walioona. Watu hao wakiondoka bila kuandikwa, hutawaona tena.

Usimnyang'anye mtu ufunguo wala simu yake. Ukifanya hivyo wewe uliyekuwa na haki utaingia seli, na yeye atakwenda nyumbani kula chakula chake cha jioni.

Halafu nenda stesheni ya polisi, hata kama mmeelewana, na hata kama ni taa na bampa tu. Ajali iandikwe katika kitabu, upewe nambari yake, kisha uombe abstrakti ya polisi. Bila abstrakti kampuni ya bima haitakusikiliza, na kortini utaulizwa iko wapi. Kama umeumia, hata shingo tu, nenda hospitali siku hiyohiyo na utake fomu ya P3.

Lakini jueni kazi ya polisi inapokoma. Polisi aweza kumshitaki dereva kwa kuendesha ovyo. Akihukumiwa, faini anayotozwa huenda serikalini, wala si kwa fundi wako. Hata hivyo hukumu hiyo ina faida. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 47A, yasema kwamba mtu akishapatikana na hatia, na rufani ikiwa imekwisha au muda wake umepita, hukumu hiyo ni ushahidi kamili kwamba alifanya kosa hilo. Basi fuatilia kesi ya trafiki mpaka mwisho, na uombe nakala ya hukumu.

Sasa tuje kwenye bima, maana hapa wengi hudanganyika. Watu hudhani cheti cha bima ni dawa ya kila kitu. Sivyo. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, yamlazimisha kila mwenye gari awe na bima kwa ajili ya watu wengine watakaokufa au kuumia. Haimlazimishi kuwa na bima ya mali ya watu wengine. Mikataba mingi ya bima huongeza mali hiyo, lakini kwa kiasi kilichowekwa, na kiasi hicho kikipita, mwenye kosa hulipa mwenyewe. Kwa hiyo swali si kama ana bima. Swali ni kama bima yake inalipa gari la mtu mwingine, na mpaka shilingi ngapi.

Kama inalipa, mtake apige ripoti kwa kampuni yake. Wengine hukataa kwa kuogopa kwamba mwaka ujao watatozwa zaidi. Hapo iandikie kampuni wewe mwenyewe, utie nakala ya abstrakti na picha. Lakini kumbuka kwamba mkataba wa kampuni ni na yeye, si na wewe. Ikifika korti juu ya gari lililovunjika, utakayemshitaki ni dereva na mwenye gari.

Na kama wewe mwenyewe una bima kubwa inayolipa hasara ya gari lako, iambie kampuni yako mapema. Itatengeneza gari, nawe utatoa ile sehemu ya kwanza ambayo mkataba wakuachia, kisha kampuni itamfuata mwenye kosa kwa jina lako. Kwa sababu hiyo usimwandikie mtu karatasi ya kumsamehe kabla ya kuuliza kampuni yako. Ukisamehe wewe, umefunga na mlango wake.

Jambo jingine ni nani wa kudaiwa. Dereva aliyezembea anadaiwa, hilo liko wazi. Lakini kama ameajiriwa na alikuwa katika kazi ya tajiri wake, tajiri naye hujibu kwa kosa la mtumishi wake. Nambari ya gari itakuonyesha jina la mwenyewe katika daftari za NTSA, na Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, yasema kwamba aliyeandikwa ndiye atahesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Chukua nakala ya daftari hiyo. Ndugu, kumdai dereva wa lori peke yake, mtu mwenye watoto wanne na mshahara wa kuhesabu, na kumwacha mwenye malori kumi, si haki wala si akili. Washitaki wote wawili pamoja.

Juu ya hesabu ya hasara, msikilize sana. Korti haitoi pesa za matengenezo kwa kukisia. Kila shilingi ya namna hii sharti itajwe katika dai na ithibitishwe. Mwite asesa, yaani mkaguzi anayekadiria hasara ya magari, kabla fundi hajang'oa kitu. Aandike vipuri gani, bei gani, na kazi ya bodi na rangi ni kiasi gani. Risiti ya asesa iweke, maana nayo yadaiwa.

Wenzetu huuliza: "Na kama sina pesa za kutengeneza gari, nitaleta risiti gani?" Jibu lilitolewa na Korti ya Rufani mwaka 2010, katika kesi ya chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa cha Nkuene. Majaji walisema kwamba katika dai la gari lililoharibika, si lazima mtu awe amekwisha kutoa pesa. Atakiwa aonyeshe hasara ni kiasi gani, na itagharimu nini kulirudisha gari karibu na hali yake ya kwanza. Kwa hiyo maskini hafungiwi mlango kwa sababu ya umaskini wake, mradi ana ripoti nzuri ya asesa.

Kama gari ndilo lililokulisha, waweza kudai na mapato uliyopoteza. Lakini hapa pia ni daftari. Leta kitabu cha mapato ya kila siku, au taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyopita. Tena usiliache gari mwaka mzima ukihesabu siku. Korti itataka kujua kwa nini hukupunguza hasara yako.

Tufike kwa yule anayesema atalipa. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa hukanwa. Akisema atalipa kidogo kidogo, haidhuru, mpe nafasi. Lakini aandike kwa mkono wake: "Mimi fulani, kitambulisho nambari fulani, nakubali nililigonga gari fulani tarehe fulani, nitalipa shilingi kadha, kila tarehe 5 ya mwezi, mpaka zitimie." Atie sahihi, na shahidi wa kila upande atie sahihi. Alipe kwa njia inayoacha alama. Na wewe usitie sahihi kwamba yamekwisha kabla fundi hajafungua bodi, maana nyuma ya bampa huenda rejeta imepasuka.

Akikawia, mwandikie barua ya madai. Eleza ajali, taja kiasi, mpe siku 14, na umwambie kwamba zikipita utakwenda kortini. Usimtukane. Barua hiyo itasomwa na mtu mwingine siku moja. Weka nakala, na ushahidi kwamba aliipata.

Siku zikipita, nenda. Tangu 2021 tunayo Korti ya Madai Madogo, iliyoanzia Milimani, Nairobi, kisha ikafunguliwa katika miji mingine mingi. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na hasara ya mali iliyoletwa na uzembe imo. Sheria yataka dai limalizike katika siku 60 tangu kupelekwa. Waweza kusimama mwenyewe bila wakili, na ushahidi hausikilizwi kwa ukali wa kanuni zote za korti kubwa. Wala usiogope lugha: Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Dai likizidi milioni moja, litakwenda kwa hakimu wa kawaida, na hapo afadhali utafute wakili.

Lakini usilale. Dai la uzembe lina miaka 3 tu tangu siku ya ajali. Mtu aweza kukuzungusha kwa maneno matamu mpaka miaka hiyo ipite, kisha akucheke. Tena sema kweli yako yote. Ikionekana nawe ulikuwa na sehemu ya kosa, labda taa za nyuma hazikuwaka, korti itapunguza malipo kwa kadiri ya kosa lako. Hilo si dhuluma.

Ukishinda na bado asilipe, hukumu si ya kutundika ukutani. Omba korti itekeleze. Mali yake yaweza kukamatwa na kuuzwa na dalali wa korti, au aamriwe alipe kwa mafungu. Vyombo vya lazima vya kazi yake sheria yavikinga, na sisi chama hatuwezi kulalamikia hilo. Mafungu ya kila mwezi yanayolipwa ni bora kuliko amri kubwa isiyoleta kitu.

Mwisho twawageukia madereva. Ndugu dereva, ukigonga, simama, toa jina lako, piga ripoti, na umweleze tajiri siku hiyohiyo. Ulikuwa katika kazi yake, basi asikuache peke yako kortini. Lakini kama ulilichukua gari kwa safari zako mwenyewe, aweza kujitoa, na mzigo utabaki wako. Juu ya mshahara, Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali yake iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Bahati mbaya barabarani si makusudi. Na makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Ukiletewa karatasi ofisini uitie sahihi upesi, sema, "Nitaisoma kwanza," kisha ilete hapa.

Ndugu, aliyegongwa na aliyegonga wote ni watu wetu. Tusiache wachomane visu kwa ajili ya mlango wa gari, na mwenye kampuni na mwenye bima wakiwa wamekaa kimya. Mwenye dai alete karatasi zake, karani wa tawi atamsaidia kuzipanga na kuandika barua. Mwenye kudaiwa kwa dhuluma naye alete zake. Na ambaye gari lake bado zima, aweke kalamu na karatasi ndani yake leo.

Umoja ni nguvu.