Deni, Pamba na Kura: Upopulisti na Uliberali katika Vyama vya Marekani



Tarehe 4 Julai 1892, siku ambayo Wamarekani husherehekea uhuru wao, wajumbe wa chama kipya walipitisha ilani mjini Omaha, Nebraska. Wengi walikuwa wakulima, wa ngano kutoka nyanda za magharibi na wa pamba kutoka kusini. Chama chao kiliitwa Chama cha Watu, na wao ndio watu wa kwanza Marekani kuitwa Wapopulisti. Walitaka kodi ya mapato inayopanda kadiri kipato kinavyopanda. Walitaka reli na telegrafu ziwe mali ya serikali, na sarafu ya fedha itengenezwe bila kikomo sambamba na ile ya dhahabu. Maazimio yaliyoambatana na ilani yalidai pia maseneta wachaguliwe na wananchi moja kwa moja, kwa kuwa wakati huo waliteuliwa na mabunge ya majimbo.

Nimeanzia huko makusudi. Mjadala wa siku hizi juu ya upopulisti wa Marekani huanzia kwa Donald Trump na mara nyingi huishia kwake, na anayeanzia hapo hudhani ugomvi ni wa wenye akili na wenye hasira. Mimi nasema ni ugomvi wa nani anashika mkopo na nani analipa riba. Nasema pia kwamba uliberali wa vyama vikubwa umekuwa na nguvu kila ulipochukua madai ya Wapopulisti na kuyafanya sheria, ukadhoofika kila ulipoyatupa na kubaki kuwakaripia walioyaleta.

Tumtazame mkulima wa pamba wa Georgia au Texas baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Hana fedha taslimu. Mbegu, jembe, unga na nguo za watoto huvichukua dukani kwa mkopo, na dhamana yake ni pamba ambayo bado haijaota. Mwenye duka ndiye mwenye kupanga bei ya bidhaa, ndiye mwenye kupanga riba, na siku ya mavuno ndiye mnunuzi. Mkopo wa namna hii, unaolipwa kwa mazao ambayo bado hayajavunwa, Kagera wanauita butura. Juu ya hayo, dola ilikuwa imefungwa kwenye dhahabu, na dhahabu haikuongezeka kwa kasi ya watu wala ya mazao, hivyo bei zikawa zinashuka mwaka baada ya mwaka. Aliyekopa dola 100 wakati ratili ya pamba ni senti 10 alihitaji ratili 1,000 ili alipe. Bei ikishuka hadi senti 5, anahitaji ratili 2,000, na hapo hatujagusa riba. Mwaka 1894 pamba iliuzwa chini ya senti 6. Tarakimu ya deni kwenye daftari ilibaki ile ile. Kilichoongezeka ni jasho la kulilipa. Mkopeshaji wa New York hakuhitaji hila yoyote, alikaa tu akangoja.

Charles Macune, mmoja wa viongozi wa Umoja wa Wakulima, jumuiya iliyotangulia Chama cha Watu, alileta dawa yake mwaka 1889. Serikali ijenge maghala, mkulima aweke humo mazao yake, apewe mkopo wa hadi asilimia 80 ya thamani yake kwa riba ya asilimia 1, kisha auze bei itakapokuwa nzuri. Mkulima wa korosho wa Mtwara anayengoja mnada na stakabadhi ya ghala mkononi hataona ajabu yoyote hapo. Magazeti ya miji ya mashariki yaliucheka mpango huo. Hata hivyo, mgombea urais wa Chama cha Watu, James Weaver, alipata zaidi ya kura milioni 1 mwaka 1892 na kushinda majimbo manne: Kansas, Colorado, Nevada na Idaho.

Chama hakikudumu. Mwaka 1896 Wademokrati walimteua William Jennings Bryan, kijana wa miaka 36, baada ya hotuba yake ya Chicago dhidi ya kiwango cha dhahabu, na Wapopulisti, baada ya mabishano makali, wakamuunga mkono. William McKinley wa Republican, aliyebebwa na michango mikubwa ya wenye viwanda na mabenki, alimshinda kwa kura za wajumbe 271 kwa 176. Kwa maoni yangu Wapopulisti walikwisha kabla kura hazijapigwa. Walikuwa wameuza ilani nzima kwa kipengele kimoja, cha sarafu ya fedha, na habari za maghala na reli zikasahauliwa njiani.

Lakini angalieni kilichofuata. Mwaka 1913 Katiba ilirekebishwa mara mbili, ikaruhusu kodi ya mapato na kuwapa wananchi haki ya kuchagua maseneta. Mwaka 1916 Rais Woodrow Wilson alisaini sheria ya mikopo ya mashamba na sheria ya maghala. Mwaka 1933 Franklin Roosevelt aliiondoa dola kwenye dhahabu ndani ya nchi, na kabla mwaka haujaisha serikali yake ikaanzisha shirika la kukopesha wakulima kwa dhamana ya mazao yaliyo ghalani. Macune alikuwa amekwisha fanyiwa alichodai, miaka 44 baadaye, na watu waliovaa suti.

Na hatua zilizofuata Roosevelt hakuzichukua kwa wema mtupu. Huko Louisiana, Seneta Huey Long alikuwa ameanzisha mwaka 1934 vuguvugu la kugawana utajiri, na alionekana kujiandaa kuwania urais. Juni 1935 Roosevelt aliiomba Kongresi ipandishe kodi za matajiri, na wengi walimwona Long nyuma ya ombi hilo. Long alipigwa risasi Septemba mwaka huo huo, akafa. Mwaka uliofuata Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Huo ndio uliberali ninaouita wenye nguvu. Ulimwogopa mpopulisti kiasi cha kumsikiliza.

Sasa niseme upande wa pili, maana nisiposema nitakuwa nauza ngano ya kupendeza tu. Watu wa Chama cha Watu walikuwa watu gani? Wakulima Weusi walikuwa na Umoja wao tofauti, kwa sababu ule wa kusini haukuwapokea. Mwaka 1891 wachumaji pamba Weusi walipojaribu kugoma wakidai ujira zaidi, uongozi wa Umoja wa wazungu ulipinga mgomo huo, kwani wanachama wake wengi ndio waliokuwa waajiri. Tom Watson wa Georgia aliwahi kuwaambia wazungu na Weusi hadharani kwamba wanagombanishwa ili waibiwe kila upande peke yake, na kusema hivyo Georgia mwaka 1892 kulihitaji moyo. Watson huyo huyo, baada ya kushindwa mara kadhaa, aligeuka kuwa mhubiri wa chuki dhidi ya Weusi, Wakatoliki na Wayahudi. Georgia ilimpeleka Seneti mwaka 1920 akiwa katika hali hiyo. Anayeuliza upopulisti unaweza kuoza namna gani ana jibu katika maisha ya mtu mmoja.

Hata hivyo, swali la nani aliua muungano wa maskini weupe na Weusi halina jibu ambalo waliberali hupenda kulitoa. Nendeni North Carolina. Huko Wapopulisti waliungana na Warepublikani, chama cha wapiga kura Weusi wakati huo, wakashinda uchaguzi wa 1894 na wa 1896. Kampeni ya 1898 ya kuuvunja muungano huo iliendeshwa na Wademokrati kwa kauli mbiu ya utawala wa wazungu, na gazeti la Josephus Daniels mjini Raleigh lilikuwa tarumbeta lake. Tarehe 10 Novemba 1898, mjini Wilmington, wazungu wenye silaha walichoma ofisi ya gazeti la Weusi, wakaua makumi ya watu na kuiondoa kwa nguvu serikali ya mji iliyochaguliwa. Waliotangulia mbele hawakuwa wahuni wa vichochoroni. Walikuwamo mawakili, wafanyabiashara na aliyekuwa mbunge. Miaka miwili baadaye katiba ya jimbo ilibadilishwa, kukawekwa mtihani wa kusoma, na Weusi wakafutwa katika daftari la wapiga kura.

Na Daniels? Alikuja kuwa waziri wa jeshi la majini wa Wilson, akihesabiwa miongoni mwa wanamageuzi. Naibu wake wizarani alikuwa kijana aitwaye Franklin Roosevelt, ambaye alipokuwa rais alimtuma mkuu wake huyo wa zamani kuwa balozi Mexico. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, fahari ya uliberali wa Marekani, iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, kazi walizofanya Weusi wengi wa kusini. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ubaguzi ni ugonjwa wa wapopulisti na tiba yake ni watu waungwana wa katikati, namwomba asome habari za Wilmington kwanza.

Wasomi wana sehemu yao katika kujenga dhana hiyo. Mwaka 1955, kelele za Seneta Joseph McCarthy dhidi ya wakomunisti zikiwa bado masikioni, mwanahistoria Richard Hofstadter alichapisha kitabu kilichowaonyesha Wapopulisti kama watu wa kukumbuka shamba la zamani na kuona njama kila mahali. Kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Lawrence Goodwyn alimjibu mwaka 1976 kwa kitabu kinene kuhusu ushirika wa wakulima na maghala yao, lakini dhana ilikwisha zama. Kizazi kizima cha vijana wa vyuo kilijifunza kwamba hasira ya watu wa kawaida juu ya mabenki ni dalili ya maradhi.

Vijana hao waliingia bungeni. Uchaguzi wa 1974, baada ya kashfa ya Watergate, ulileta Wademokrati wapya zaidi ya 70 katika Baraza la Wawakilishi. Januari 1975 walisaidia kumwondoa Wright Patman wa Texas kwenye uenyekiti wa kamati ya mabenki. Patman alikuwa na umri wa miaka 81, na ndiye aliyeanzisha mwaka 1932 hatua za kumshtaki bungeni Andrew Mellon, tajiri aliyekuwa waziri wa fedha. Jina lake limo katika sheria ya 1936 ya kuwalinda wenye maduka madogo dhidi ya makampuni makubwa. Lakini pia alisaini tamko la 1956 la wabunge wa kusini la kupinga kuchanganya wanafunzi weupe na Weusi mashuleni. Wabunge wale wapya walikuwa na haki ya kumchoka. Ninachowalaumu ni kwamba hawakutenganisha mzee na kazi yake. Walimtoa Patman, na shaka aliyokuwa nayo juu ya mabenki ikatoka naye mlangoni.

Yaliyobaki mnayajua, nitayapitia haraka. Bill Clinton alisaini sheria ya kutekeleza mkataba wa biashara huria na Mexico na Canada mwaka 1993. Mwaka 1999 akasaini sheria iliyobomoa ukuta wa 1933 kati ya benki za amana na biashara ya hisa. Ajira za viwandani zilishuka kutoka takriban milioni 17 mwaka 2000 hadi chini ya milioni 12 mwaka 2010. Mwaka 2008 Kongresi iliidhinisha dola bilioni 700 kuokoa mfumo wa fedha, huku mamilioni wakipoteza nyumba zao. Hasira zilikuwa zimefika mlangoni, na chama ambacho zamani kingezigeuza kuwa muswada hakikuwa tena na mtu wa kuuandika.

Trump alizipokea akazielekeza kwingine: mpakani, kwa mgeni. Januari 2025 alisimamisha upokeaji wa wakimbizi, na jambo hilo limewagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja, maana kwa miaka kadhaa Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka wakimbizi wengi zaidi Marekani. Kwa upande wa fedha, sheria yake ya 2017 ilishusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21. Na siku aliyoapishwa mara ya pili aliamuru mlima mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini urudishiwe jina la McKinley, mtu wa dhahabu na ushuru wa forodha, yule yule aliyemshinda Bryan. Kumwita huyu mrithi wa Omaha ni kuwadhulumu wakulima wale. Alichorithi ni Watson wa uzeeni.

Kuna jaribio jipya ndani ya chama cha Wademokrati ambalo ukanda wetu wa Afrika Mashariki una sababu ya kulifuatilia. Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, mtoto wa Profesa Mahmood Mamdani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, alimshinda gavana wa zamani Andrew Cuomo mara mbili mwaka 2025, na sasa ni meya wa New York. Aliwaahidi watu kusimamisha kupanda kwa kodi za nyumba zinazodhibitiwa, mabasi ya bure na malezi ya watoto. Chuck Schumer, kiongozi wa Wademokrati katika Seneti na mwenyeji wa New York, alimaliza kampeni nzima bila kumuunga mkono hadharani. Meya hawezi kupandisha kodi ya mapato bila idhini ya jimbo kule Albany, kwa hiyo mpango wake utafaulu au kufa mikononi mwa Wademokrati wenzake wa katikati.

Wanafunzi wangu, ilani ya Omaha ni fupi, inasomeka kwa muda mfupi na inapatikana bure. Isomeni kabla hamjaandika tasnifu nyingine juu ya Trump, kisha ilinganisheni, kipengele kwa kipengele, na sheria za 1913, 1916 na 1933.