Kitambaa na Bakuli
(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na Wakristo katika sikukuu ya Jubilei)



Siku ya Jubilei ni siku ya kuhesabu. Twahesabu miaka, twahesabu makanisa na shule, twahesabu waliobatizwa; tena twayataja majina ya waliotutangulia na kumshukuru Mungu kwa ajili yao. Jambo hili ni jema, wala sina neno la kulipinga. Lakini liko swali ambalo limenisumbua mimi kwanza, nami sina budi kuwashirikisha. Je, hao tunaowasifu leo walitafuta kusifiwa? Na ikiwa hawakutafuta, sisi tulioirithi kazi yao twatafuta nini?

Mwaijua habari ya usiku ule wa mwisho. Bwana wetu alikuwa ameketi chakulani pamoja na wanafunzi wake. Miguu yao ilikuwa na vumbi la njia, na katika nchi ile kuosha miguu ya watu ilikuwa kazi ya mtumwa. Maji yalikuwapo, bakuli ilikuwapo, kitambaa kilikuwapo; asiyekuwapo ni mtu wa kuinuka. Ndipo Bwana mwenyewe akainuka, akaweka mavazi yake kando, akajifunga kitambaa kiunoni, akaanza kuwaosha mmoja mmoja. Petro akaona haya, akakataa, hata alipoonywa akakubali.

Yako mambo mawili ambayo twayapita upesi tusomapo habari hii. La kwanza, Yuda alikuwa bado pamoja nao. Bwana aliyajua yaliyokuwa moyoni mwake, na miguu ile iliyokuwa karibu kwenda kumsaliti aliiosha kama alivyoiosha ya wenziwe. Basi sisi hatuna ruhusa ya kuchagua miguu. La pili, Mtakatifu Yohana atuambia ya kuwa Bwana alijua hakika ametoka kwa Mungu na kwa Mungu anarudi. Na baada ya neno hilo ndipo asimulia habari za kitambaa. Hakuinama kwa kuwa alikuwa mnyonge. Aliinama kwa kuwa alijijua ni nani, wala hakuogopa kupungukiwa na kitu.

Sasa na tutazame nchi yetu. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Edward Steere wa Misioni ya UMCA walifika Unguja. Steere alikuwa mtu wa elimu nyingi, daktari wa sheria wa Chuo Kikuu cha London. Lakini alipofika hakuweza kuzungumza hata na mtoto wa mjini. Basi yule mwalimu akajifanya mwanafunzi. Akawauliza wenyeji maneno yao, akawasikiliza wakitoa hadithi, akaziandika, na mwaka 1870 hadithi hizo zikatoka kitabuni. Hata baada ya kuwekwa kuwa Askofu, mwaka 1874, hakuiacha kazi ya mikono. Aliusimamia mwenyewe ujenzi wa kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hata lilipofungwa mwaka 1873. Alipokufa mwaka 1882, akazikwa humo humo.

Wageni waingiao kanisani humo husimuliwa habari ya nguzo zilizo karibu na mahali pa kubatizia. Husemwa ya kuwa Askofu alipokuwa safarini mafundi walizisimamisha juu chini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Mimi hupenda kuzikumbuka nguzo zile. Kichwa chao kiko chini, na mzigo wanauchukua hata leo.

Mwaka ule ule wa 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao ndiye John Swedi. Alilelewa, akasoma, akabatizwa, na mwaka 1879 Askofu Steere akamweka kuwa shemasi, wa kwanza katika watu wa Afrika waliolelewa na misioni ile. Na neno shemasi maana yake ni nini? Maana yake ni mtumishi. Fikirini basi, ndugu zangu. Mtoto aliyetwaliwa kwa nguvu afanywe mtumwa, alipopata uhuru wake alikubali kuwa mtumishi. Utumwa na utumishi hukaribiana kinywani, lakini moyoni ni mbali sana. Mtumwa huenda kwa kuogopa fimbo. Mtumishi huenda kwa kupenda. Mtumwa hana lake la kutoa. Mtumishi hutoa nafsi yake, kwa kuwa ni yake.

Kwa hiyo nasema: unyenyekevu si kujidharau, wala si kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Unyenyekevu ni kazi ya mtu huru. Na mkubwa amwambiaye mdogo, Nyenyekea, naye mwenyewe ameketi kitini akingoja kuoshwa, huyo hakufundisha unyenyekevu. Amefundisha utumwa, ijapokuwa ametumia maneno ya Injili.

Haya siyasemi kama mtu asiye na kosa. Nilipokuwa mwalimu kijana, mvua iliubomoa ukuta wa nyumba ya kikongwe mmoja katika mtaa wetu. Nikawachukua watoto wa shule waende kumkandikia. Watoto walikanyaga udongo, wakateka maji, wakachafuka hata nyusoni. Mimi nilisimama kando, viatu vyangu safi, nikiamuru. Kazi ilipokwisha bibi yule akanishukuru kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu mwalimu, watoto wako umeniletea, Mungu akubariki. Nawe, utakuja lini?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaona ya kuwa siku ile wanafunzi wangu walikuwa wamesoma, na mimi sikusoma neno.

Walimu wenzangu, watoto huyasahau mengi tunayoyaandika ubaoni, lakini hawasahau walivyotuona. Wakimwona mwalimu ameshika ufagio kanisani, watajua ya kuwa ufagio si adhabu. Nanyi wazee wa kanisa, mara ngapi tumegombea viti vya mbele, au kukasirika kwa kuwa jina letu halikutajwa? Nanyi akina mama mnaopamba madhabahu, mnaopika siku za sikukuu na kukesha na wagonjwa, mara nyingi hamkutajwa popote. Bwana amewaona, nasi tuna deni kwenu. Tusilipe deni hilo kwa sifa tu. Tulilipe kwa kuinuka tuwasaidie kuuchukua mzigo.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hazina ya Mungu mara nyingi iko mvunguni: iko kwa mgonjwa asiyetembelewa, kwa mtoto asiye na karo, kwa jirani tuliyekosana naye ambaye miguu yake hatutaki kuigusa. Sikukuu hii itakapokwisha, na mapambo kuondolewa, vitabaki viti vya kupanga, sufuria za kuosha, na ua wa kufagia. Hapo ndipo tutakapojua kama tumeiadhimisha Jubilei. Nami naomba kila mmoja wetu asimngoje mwenziwe.

Ee Bwana Yesu, uliyejifunga kitambaa kwa ajili yetu, utuondolee haya ya kuinama na tamaa ya kuonekana. Utufanye watumishi wako walio huru, leo na siku zote. Amina.