Kisio Baya Halizuii Jibu Sahihi
(Mazungumzo na wanafunzi, Siku ya Wahitimu)



Nimeombwa nieleze hesabu za darasani zinatufaa nini maofisini. Nitatoa mfano mmoja.

Mradi wa kisima una kazi za shilingi 900,000. Juu yake kuna gharama za usimamizi, asilimia 10 ya jumla yote. Mhasibu hapati jumla bila kujua usimamizi. Msimamizi hapati usimamizi bila kujua jumla. Nimeona faili la namna hii likizunguka meza hadi meza, na wananchi wakingoja maji.

Dawa yake ni kukisia. Tuseme jumla ni 900,000. Asilimia 10 ni 90,000. Jumla mpya ni 990,000. Rudia: 999,000. Rudia tena: 999,900. Tunaelekea 1,000,000, na ukiiingiza hiyo katika kanuni, inatoka ile ile. Namba isiyobadilishwa na kanuni yake tuiite nukta tuli. Ukipenda, anza na 2,000,000: utapata 1,100,000, kisha 1,010,000. Unaelekea pale pale.

Sababu ni kwamba kila hatua inabakiza sehemu moja tu ya kumi ya kosa. Mwaka 1922 Mpoland Stefan Banach alichapisha uthibitisho wake: kanuni ikipunguza umbali baina ya namba zozote mbili kwa uwiano maalumu ulio chini ya moja, nukta tuli ipo, ni moja tu, na utaikaribia popote uanziapo.

Kidato cha Pili watasema aljebra ingetoa jibu hilo kwa mstari mmoja. Ni kweli. Lakini tafuteni namba iliyo sawa na kosaini yake yenyewe. Hapo aljebra haiwafikishi. Wekeni kikokotoo katika radiani, mbonyeze kosaini tena na tena. Mtatulia kwenye 0.7391.

Hata hivyo, si kila kurudia kunafikisha. Mkitafuta kipeuo cha pili cha 2 kwa kugawa 2 kwa kisio, mkaanza na 1, mtapata 2, kisha 1, kisha 2, mpaka jioni. Chukueni wastani wa kisio na jibu la kugawa, njia aliyoieleza Heron wa Aleksandria katika karne ya kwanza: 1, 1.5, 1.4167, 1.4142. Nukta ni ile ile; kilichobadilika ni kanuni.

Basi vijana, msirudishe karatasi tupu kwa kuogopa kuanza vibaya. Andikeni kisio, kisha mpime kama hatua imewasogeza karibu. Isipowasogeza, kuirudia kwa bidii hakusaidii, badilisheni kanuni.