Ijumaa Ile, na Kwa Nini Hatushiki Karatasi

Maneno ya katibu wa zamani wa kwaya katika ibada ya shukrani ya miaka 50

 



Kamati ya yubilei iliniomba nizungumze dakika kumi kuhusu historia ya kwaya. Historia mnayo tayari kwenye kurasa za mbele za kijitabu hiki: mwaka wa 1975, watu tisa, kinanda cha kuazima, na Mwalimu wetu wa kwanza aliyekuwa akitupiga vidole kwa rula tukikosea solfa. Sitairudia. Nitajibu swali moja tu, ambalo vijana wameniuliza mara nyingi kuliko yote. Kwa nini kwaya hii haishiki karatasi? Kwaya za wenzetu hupanda jukwaani na mafaili meusi mikononi, wanapendeza. Sisi tunasimama mikono mitupu. Kijana mmoja wa tena aliniambia alidhani ni maringo.

Si maringo. Ni kwa sababu ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998.

Najua wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Ninyi mna siku zenu. Mkiulizwa mlikuwa wapi Jumamosi ile ya Westgate mwaka wa 2013, mnajua. Mkiulizwa kuhusu Garissa, mnajua, maana ilikuwa Alhamisi Kuu ya 2015 na tulikuwa tukijiandaa kwa nyimbo za mateso, na mazoezi yakageuka kuwa maombi. Sisi wa rika letu siku yetu ni hiyo ya bomu. Ukikaa na Mkenya yeyote aliyekuwa mtu mzima wakati ule, mwambie tu "mwezi wa nane, tisini na nane," utaona anavyonyamaza kidogo, halafu aanze: mimi nilikuwa mahali fulani.

Kabla ya leo niliwazungukia wanakwaya wa zamani nikawauliza. Mama Mweka Hazina alikuwa Gikomba akichagua mitumba. Anasema alisikia kishindo akafikiri ni gurudumu la lori limepasuka, akaendelea kubishania bei ya blauzi. Ndipo akaona watu wote wametazama upande wa mjini, na moshi unapanda. Ile blauzi aliilipia bei aliyotajiwa, jambo ambalo wanaomjua watakubali halijawahi kutokea tena. Mzee wetu wa besi, yule anayekaa karibu na nguzo, alikuwa makanga wa matatu. Dereva wake aliwashusha abiria wote, wakageuza gari kuelekea mjini, wakabeba majeruhi hadi Hospitali ya Kenyatta mara nne bila kumwitisha mtu nauli. Jioni waliosha viti kwa maji ya ndoo, na anasema maji yalikataa kuwa meupe. Mwingine alikuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani Makongeni na tetekuwanga, na kumbukumbu yake yote ni vikombe kutetemeka kabatini.

Na yuko mmoja wetu ambaye hakuwa Nairobi kabisa. Alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Huwa anatukumbusha, na ana haki, kwamba asubuhi ile ile bomu lingine lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani kule, wakafa watu 11. Anasema kila akisikia Wakenya wakisimulia habari ya bomu, yeye hungoja kuona kama watafika Dar. Kwa kawaida hatufiki. Leo tumefika, ndugu.

Sasa nije kwangu.

Mwaka ule mimi nilikuwa katibu wa kwaya. Mwezi wa tisa tulikuwa na mashindano, na wimbo wa lazima ulikuwa mgumu, sauti nne, kurasa tatu. Mwalimu alikuwa ameuandika kwa mkono, kwa solfa, na ilibidi upigwe fotokopi nakala 40 kabla ya mazoezi ya Ijumaa jioni. Kwenda mjini kupiga fotokopi ilikuwa kazi ya katibu. Ilikuwa kazi yangu. Alhamisi usiku mtoto wangu akashikwa na homa. Asubuhi nikaenda mlango wa pili, kwa mwenzetu wa alto, dada yangu kwa kila kitu isipokuwa kuzaliwa, nikamwomba aende badala yangu. Hakuwa na la kufanya mjini siku hiyo. Alivaa sweta, akachukua bahasha ya kaki yenye muhuri wa kanisa, akasema atarudi saa sita kunisaidia na mtoto.

Saa nne na nusu ikapita kidogo. Mimi nilikuwa natumbukiza kitambaa kwenye maji. Dirisha lilitetemeka.

Mambo yaliyotokea pale mjini mnayajua au mmeyasoma. Ubalozi wa Marekani wakati ule ulikuwa kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, karibu na stesheni ya reli, mahali ambapo watu wa Jogoo Road wote hupita. Gari lilikuja upande wa nyuma. Kwanza kukawa na mlipuko mdogo na milio ya risasi. Hicho ndicho kitu ambacho kimewaumiza watu wengi kuliko wanavyojua: ule mlio wa kwanza. Watu maofisini waliusikia, wakainuka kwenye viti, wakaenda madirishani kuchungulia. Sote tungefanya hivyo, mlio ukitokea barabarani unachungulia. Ndipo bomu lenyewe likalipuka, na vioo vyote vya mtaa ule vikaingia ndani kwa mara moja. Jengo la Ufundi lilianguka lote. Lile refu la Co-operative lilibaki limesimama bila madirisha. Zaidi ya watu 200 walikufa hapa Nairobi, wengi wao Wakenya wa kawaida, makarani, wanafunzi wa uhazili, wapita njia, abiria wa basi. Waliojeruhiwa walikuwa kama 5,000. Na kwa sababu ya ule mlio wa kwanza, wengi waliumia macho.

Duka la fotokopi lilikuwa ghorofani, mtaa wa pili kutoka pale.

Siku hizo simu za mkononi zilikuwa za matajiri. Tuliwasha redio, tukasikia hospitali zinaomba damu. Saa sita ikafika, saa nane, hajarudi. Mume wake, besi wa safu ya nyuma, Mungu amlaze mahali pema, alikuja mlangoni kwangu akauliza kwa upole kabisa, "Mama, alikuwa anakwenda upande gani?" Nikamwonyesha kwa kidole, kana kwamba mji unaonekana kutoka Jericho. Sikuweza kusema.

Tulimtafuta usiku ule na kesho yake. Kenyatta kulikuwa na majina yamebandikwa ukutani, mengine yameandikwa nusu, na umati unasukumana kuyasoma. Kulikuwa na foleni nyingine ndefu, ya watu waliokuja kutoa damu, watu wasiomjua yeyote ndani. Muuguzi mmoja aliyekuwa mwanakwaya wetu alikuwa zamu tangu Ijumaa asubuhi hajaketi. Alinishika bega akaniambia, "Usisome majina. Wengi hawajaweza kusema majina yao. Pita wodini, sikiliza." Nikapita. Jumamosi alasiri, kwenye hospitali ya tatu, nilisikia sauti nyuma ya pazia ikimwambia mhudumu kwamba uji una sukari nyingi mno. Sikuhitaji kuona uso. Na uso haukuonekana, ulikuwa bandeji tupu.

Jumapili ya tarehe 9 tulikuja kanisani wanakwaya 14. Mwalimu alitoa sauti kwa kile chuma chake, akainua mikono, na hakuna aliyeweza kuimba. Alirudia mara tatu. Kisha akashusha mikono, akaketi nasi kwenye benchi. Ibada iliendelea bila kwaya, na mara ya kwanza tangu 1975 wimbo ulianzishwa na mtoto kutoka viti vya nyuma, wa Sunday school, akiwa amekosea ufunguo.

Wiki ile taifa zima lilikuwa likimsikiliza mwanamke mmoja aliyefukiwa chini ya Ufundi. Waokoaji walikuwa wakimsikia, wakizungumza naye. Sisi tulikuwa tukimwombea kwa jina kila jioni kana kwamba ni wa hapa kwetu. Hawakumfikia akiwa hai. Siku habari ilipotangazwa, mwenzetu wodini aliomba redio izimwe, akakaa kimya siku mbili. Kisha akaniuliza, "Mashindano bado yapo?"

Hatukwenda mashindanoni. Lakini alipotoka hospitali, akarudi mazoezini Novemba, akiongozwa na mume wake, akakaa mahali pake pale pale, wa tatu kutoka ukutani. Madaktari walikuwa wameokoa maisha, macho hayakuwezekana. Baadaye alikwenda Machakos, kwenye taasisi ya mafunzo ya vipofu, akajifunza fimbo na kusoma kwa vidole. Jioni ile ya kwanza Mwalimu alikuwa amegawa karatasi kama kawaida. Tukaimba mstari wa kwanza, na sote tukasikia kwamba alto imepwaya upande mmoja. Alikuwa ameshika karatasi yake mkononi, ameielekeza vizuri kabisa, na hawezi kuisoma.

Mwalimu akasema, "Wekeni karatasi chini. Wote." Akaanza kutuimbia sauti moja moja, mstari kwa mstari, mpaka kila mmoja akaweza. Wimbo mmoja ulituchukua wiki tano. Wengine walinung'unika, mimi nilikuwa mmoja wao, na usingizi wa mtoto mdogo. Lakini hatujazirudia karatasi tangu siku hiyo. Basi vijana, jibu lenu ni hilo.

Bado kuna jambo moja, na ndilo lililofanya nikubali kusimama hapa.

Miaka kumi na miwili sikumwambia ukweli wote. Alijua nilimwomba aende. Lakini nilikuwa nimemwambia kwamba Mwalimu ndiye aliyetaka aende yeye, kwa sababu anajua kukagua solfa. Huo ulikuwa uongo mdogo wa asubuhi, wa kumfanya asikatae. Mwalimu hakuwa amesema hivyo, zamu ilikuwa yangu. Baada ya bomu uongo ule ulinikaa kooni. Nilimpikia, nilimfulia, nilimsindikiza kliniki, nilimshika mkono kwenda bustani ya ukumbusho ilipofunguliwa mwaka wa 2001, nikamsomea majina ukutani kwa sauti, na bado sikusema. Watu walinisifu kwa wema wangu. Kila sifa ilikuwa kama mwiba.

Mwaka wa 2010, tukichambua mchele wa harusi hapo nyuma ya kanisa, nilimwambia. Hakuacha kuchambua. Akasema, "Nilijua. Mwalimu alikuja wodini wiki ya pili, nikamlaumu kwa kunituma, akashangaa. Nikaelewa." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema, "Ilikuwa yako kusema. Nilikuwa nakungoja." Kisha akanyamaza, halafu: "Nilikasirika miaka mitatu. Ulikuwa unaleta uji na mimi nimekasirika. Uji wenyewe sukari nyingi." Tukacheka mpaka tukamwaga mchele.

Ameniruhusu niseme haya leo. Amesema pia niseme kwamba habari ya fidia imezungumzwa kila mwaka na yeye hajaona senti, nami nimesema. Na binti yangu, uko hapo kwenye soprano, hujawahi kuisikia hadithi hii yote. Ulikuwa na homa tu, mama. Hukukosa kitu.

Ile bahasha ya kaki ilirudi. Mwezi wa kumi mwaka ule ule mtu tusiyemjua aliileta kwa mlinzi wa lango, kwa sababu ya muhuri, hakuacha jina. Ndani mlikuwa na nakala zote 40. Ziko kwenye kabati la vestri, anayetaka kuziona amwombe mzee wa kanisa ufunguo. Mtaona kwamba mstari wa mwisho wa besi umekatwa chini ya ukurasa. Mwenzetu anasema hilo ndilo analolikumbuka kuliko yote: alikuwa amegeuka kutoka dirishani kurudi kaunta kumlalamikia yule kijana wa fotokopi. Daktari alimwambia kwamba kugeuka kule ndiko kulikookoa shingo yake.

Dakika zangu zimekwisha zamani, naona Mchungaji anatazama saa. Wimbo wa tatu kwenye ratiba unaanza na alto peke yake, naye yuko tayari amesimama, na hapendi kungojeshwa. Kwaya, karibuni mbele.