Moyo Wako na Kina cha Bahari

Kama una ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu na unatamani kuzamia kwa mtungi wa hewa kule kisiwani Mnemba au Mafia, tega sikio.

Ukiingia majini, damu ya miguuni na mikononi husukumwa kifuani, na moyo huongezewa mzigo. Kwa hiyo muone daktari kwanza, umtajie dawa zote unazotumia. Fomu ya afya ya kituo cha uzamiaji ijaze kwa ukweli. Usiandike "hapana" kwenye swali la moyo ili tu upate kuzamia.

Siku ya mkondo mkali, baki ufukweni. Kifua kikikubana au ukiishiwa pumzi chini ya maji, mpe mwenzako ishara, pandeni taratibu, upewe oksijeni na kuwahishwa hospitali.